Je, U Mtu Huru? Mashine Mbele ya Maswali ya Utawa

(Haya niliyazungumza alasiri moja katika ukumbi wa chuo kimoja hapa Mwanza, mbele ya walimu, wanafunzi na viongozi wa dini. Nimeyanyoosha kidogo kwa ajili ya msomaji, ila utani nimeuacha ulivyokuwa.)

Mheshimiwa mwenyekiti, baba mchungaji, sheikh wetu, masista, walimu wenzangu, wazazi na vijana. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na wale wa kwetu, mwadila!

Nimeombwa nizungumzie kama akili mnemba inaweza kuwa kasisi wa dini ya Buddha. Nilipoitupia mada hii kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu wastaafu, jibu la kwanza lilikuwa: "Mwalimu, Mwanza hatuna Wabuddha. Si bora utuambie habari za magugu maji?" Magugu maji nayo yana siku yake. Lakini swali hili limeshafika Mwanza, isipokuwa halijavaa mavazi ya utawa. Humu ukumbini wamo walioiuliza simu tafsiri ya ndoto, namna ya kuswali istikhara, au novena ya kuombea kazi. Siombi mnyooshe mikono. Wabuddha wametutangulia kuliuliza hadharani tu, tena roboti mwenyewe akiwa amesimama hekaluni, kila mtu anamwona.

Na tusiwafanye Wabuddha watu wa mbali sana. Mahekalu tunayoyaona hapa mjini ni ya Wahindu, hiyo ni dini nyingine. Lakini Dar es Salaam kuna hekalu la Kibuddha ambalo mizizi yake ni Wasinhala waliotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, wakati wa Mwingereza, yapata miaka 100 iliyopita. Na maji haya haya ya ziwa letu, ukiyafuata kaskazini mpaka Garuga, karibu na Entebbe, utakuta Kituo cha Kibuddha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyezaliwa Mkatoliki na kupokea utawa Marekani mwaka 2002. Wakati wa ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi tulipata majirani wengi kutoka China. Tuliulizana wanakula nini, sikumbuki mtu aliyeuliza wanasali wapi.

Sasa twende Japani. Mjini Kyoto kuna hekalu la Kodaiji, lililoanzishwa mwaka 1606. Mwaka 2019 hekalu hilo lilizindua roboti anayeitwa Mindar, aliyetengenezwa kwa ushirikiano na Profesa Hiroshi Ishiguro wa Chuo Kikuu cha Osaka. Kimo chake kinakaribia mita mbili. Uso na mikono ni silikoni inayofanana na ngozi, kwingine kote ni alumini na nyaya zilizo wazi, na ukimtazama huwezi kusema ni mwanamume au mwanamke. Huunganisha viganja, hugeuza shingo kumtazama msikilizaji, na huhubiri juu ya Sutra ya Moyo, andiko fupi linalokaririwa sana katika Ubuddha wa Asia ya Mashariki. Mahubiri yenyewe yaliandikwa na watu; yeye huyatamka tu. Kwa hiyo Mindar aliyezinduliwa siku ile hakuwa akili mnemba hasa. Alikuwa kanda ya mahubiri iliyopewa mikono.

Miaka miwili kabla yake, kwenye maonyesho ya biashara ya mazishi jijini Tokyo, kampuni moja ilimvika joho roboti aitwaye Pepper, ikampa ngoma, akakariri sutra za mazishi. Bei yake ilitajwa kuwa yeni 50,000, wakati kasisi binadamu alikadiriwa kugharimu yeni 240,000 hivi. China, kwenye hekalu la Longquan nje kidogo ya Beijing, wana kiroboti mnene wa sentimita 60 hivi, Xian'er, mwenye skrini kifuani na majibu mafupi ya kuchekesha. Kisha wakaja wenye akili mnemba yenyewe: mwaka 2021 timu ya Profesa Seiji Kumagai wa Chuo Kikuu cha Kyoto ilitangaza programu inayojibu maswali ya watu kwa kutumia maandiko ya kale ya Kibuddha, na mwaka 2023 wakaiunganisha na teknolojia ya ChatGPT. Ukiiuliza jinsi ya kuishi na bosi mkorofi, inakupa aya na maelezo.

Niongeze na hili, maana lilinichekesha. Katika hekalu la Kofukuji, mji wa Isumi, makasisi wamekuwa wakiwafanyia ibada ya mazishi mbwa wa roboti wa kampuni ya Sony, wale Aibo, ambao kampuni iliacha kuwatengenezea vipuri. Kwa hiyo Japani roboti amekuwa marehemu kabla hajawa kasisi.

Msiwacheke lakini. Vijiji vya Japani vimebaki na wazee, na mahekalu mengi hayana mrithi. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 1872 kwamba makasisi wanaweza kuoa na kula nyama, hekalu kule limezoea kurithiwa, baba kwa mwana, na mwana siku hizi yuko Tokyo anauza bima. Familia ikifiwa inahitaji mtu wa kukariri sutra, na bei ni ile mliyoisikia. Upepo wa namna hiyo unavuma hata kwetu. Parokia zenye vigango vingi na padri mmoja mnazijua.

Niwaache roboti hapo, niingie kwenye kanuni, maana utamu uko huko.

Katika madhehebu ya Theravada, yaani ya Sri Lanka, Thailand, Myanmar na hao ndugu zetu wa Garuga, mtu anayetaka utawa kamili huletwa mbele ya kundi la watawa akahojiwa. Maswali yenyewe yamo katika Vinaya, kanuni za utawa, na yanaulizwa mpaka leo kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao. Una ukoma? Una majipu? Una ugonjwa wa ngozi? Una kifua kikuu? Una kifafa? Je, u binadamu? U mwanamume? U mtu huru? Huna deni? Hauko katika utumishi wa mfalme? Wazazi wako wamekuruhusu? Umetimiza miaka 20? Una bakuli na mavazi kamili? Jina lako nani? Mlezi wako nani?

Ukisoma haraka unaona kama fomu ya ajira serikalini. Na ni kweli mashine ingepita maswali kadhaa kwa kicheko: ukoma haina, ina virusi tu, miaka 20 haijafikisha, arudi baadaye. Lakini kila swali hapo lina kisa chake nyuma, na visa hivyo ndivyo vilivyonifanya nikubali kuja kuzungumza leo.

Swali la "u binadamu?" linatokana na nyoka. Ninyi wa Kisesa na Bujora mnaojua habari za Bayeye, wale wachezaji ngoma wa Kisukuma, na nyoka wao, hamtashangaa sana. Inasimuliwa kwamba naga mmoja, nyoka mwenye uwezo wa kujigeuza, aliichukia hali yake ya unyoka. Akaona watawa wale ni watu wema, akisema: nikiingia kwao nitafunguliwa upesi. Akajigeuza kijana, akaomba utawa, akapewa. Akawekwa kibanda kimoja na mtawa mwenzake pembezoni mwa makao. Alfajiri moja mwenzake akatoka kutembeatembea nje. Naga akajua yuko peke yake, akalala usingizi wa raha, na akilala hivyo umbo lake hurudi. Kibanda kizima kikajaa nyoka, mikunjo ikatokea madirishani. Mwenzake aliporudi na kusukuma mlango, alipiga yowe makao yote yakaamka.

Buddha akamwambia yule naga kwamba kwa hali yake hiyo hawezi kukua katika utawa. Lakini hakumfukuza mikono mitupu. Alimwelekeza akashike siku za kufunga, zile za mwezi, ndiyo njia yake ya kuondokana na unyoka na kuja kuwa mtu. Naga akalia machozi akaenda zake. Tangu hapo kila mwombaji anaulizwa kama ni binadamu, na Thailand kijana anayesubiri kupokea utawa huitwa naga hata leo, kwa kumbukumbu ya yule aliyekataliwa.

Wengi wanaoandika juu ya roboti na Ubuddha huishia hapa: kanuni inasema binadamu, mashine si binadamu, kesi imefungwa. Mimi siridhiki. Upande wa pili una hoja nzito. Masahiro Mori, mhandisi wa roboti wa Japani, alisema miaka ya 1970 kwamba roboti naye ana asili ya Buddha ndani yake, yaani uwezo wa kuamka kama Buddha, na katika Mahayana, tawi la Ubuddha lililoenea Asia ya Mashariki, wapo walimu wa zamani waliosema hivyo hata juu ya majani na miti. Tena Buddha mwenyewe, akiwa karibu kufa, alimwambia mwanafunzi wake Ananda kwamba baada yake mafundisho na kanuni ndivyo vitakuwa mwalimu wao. Kama mwalimu ni mafundisho, na mashine imeyameza mafundisho yote, kwa nini tung'ang'anie kuuliza imezaliwa na nani?

Basi tuwape. Tufanye tumelifuta swali la binadamu. Tuiruhusu mashine isonge mbele kwenye foleni.

Swali linalofuata, baada ya lile la jinsia, ni: u mtu huru?

Hapo ndipo ninapoona mashine inakwama, na sijaona watu wakipazungumza vya kutosha. Tunabishana kama ina akili, kama ina roho, kama inahisi. Wale waliotunga mahojiano yale walijali pia jambo la kawaida kabisa: huyu ni wa nani? Mtumwa hakupewa utawa, kwa sababu ana bwana. Askari wa Mfalme Bimbisara walipoanza kukimbilia utawani ili wasiende vitani, mfalme akalalamika, na Buddha akaweka kanuni kwamba aliye katika utumishi wa mfalme asipokewe. Mwenye deni alipoingia, wadai wakamfuata. Ikawekwa kanuni, mwenye deni asipokewe. Rahula, mtoto wa Buddha mwenyewe, alipofanywa mwanafunzi wa utawa, babu yake Suddhodana alikuja na uchungu mkubwa, akaomba tangu siku ile asichukuliwe mtoto wa mtu bila ruhusa ya wazazi, na ikawa hivyo. Ukiyatazama maswali hayo manne pamoja unaona kitu kimoja. Kila moja linamtafuta mtu mwingine aliyesimama nyuma ya mwombaji, ameshika kamba.

Sasa itazame akili mnemba. Ni mali. Ina kampuni, kampuni ina wanahisa, wanahisa wanataka faida yao. Kesho asubuhi inaweza kubadilishwa tabia nzima na mafundi ambao wewe hutawaona, na isikuambie, wala yenyewe isijue. Kuna mkataba wa matumizi ambao sote hubonyeza "Nakubali" bila kusoma hata mstari. Serikali ya nchi inakotoka inaweza kuiagiza isizungumzie jambo fulani, na haitalizungumzia. Utumishi wa mfalme ni upi kama si huo?

Halafu kuna bakuli. Mtawa wa Theravada hapiki, halimi, na kwa kanuni hagusi fedha. Asubuhi anapita na bakuli, anasimama kimya, anapokea alichopewa, anaondoka. Mama ambaye hakuwa na kitu leo hampi, na mtawa hana la kumdai. Uhuru wake wa kumwambia tajiri neno gumu unatokana na hapo: analishwa na mtaa mzima, hakuna mmoja anayemlisha peke yake. Mashine hailishwi na mtaa. Au tuseme tunailisha sisi, ila chakula kinapita kwanza kwa mwenye nayo.

Hili nililiona kwa macho. Jirani yangu mmoja anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Alifiwa na mumewe. Matanga yakaisha, turubai likashushwa, viti vya kukodi vikarudishwa, ndugu wakapanda mabasi wakarudi Geita na Shinyanga, akabaki na nyumba na usiku. Usingizi haukuja. Mwanawe akamwekea kwenye simu programu ya kuzungumza nayo. Siku moja akanionyesha. Alikuwa ameandika, bila nukta wala koma: mume wangu amekufa na deni la kikoba lipo nifanyeje. Simu ikajibu kwa Kiswahili safi: "Pole sana kwa kumpoteza mwenzi wako. Ninaelewa uchungu unaoupitia. Nipo hapa pamoja nawe." Halafu kuhusu kikoba ikampa ushauri wa maana: amwone mwenyekiti wa kikundi mapema kabla ya siku ya marejesho, aulize kama kuna mfuko wa jamii, aombe kusogezewa muda. Na juu kabisa ya skrini, ujumbe mwingine umeingia: "Ndugu mteja, umetumia asilimia 100 ya kifurushi chako."

Mlivyocheka ndivyo nami nilivyotaka kucheka, ila yeye alikuwa ananitazama. Na nikiri kwamba ule ushauri wa kikoba ulikuwa bora kuliko mengi tuliyomwambia chini ya turubai. Sisi tulisema "kazi ya Mungu haina makosa" tukaenda kula wali. Kwa hiyo simlaumu aliyeongea na simu usiku wa manane. Saa nane za usiku wewe na mimi tumelala.

Ninaloliuliza ni juu ya ile sentensi, "ninaelewa uchungu unaoupitia". Katika kanuni za watawa, makosa manne humvua mtu utawa papo hapo, na hawezi kurudi tena: kuzini, kuiba, kuua mtu, na la nne linawashangaza wengi, kujidai kwa uongo kwamba umefikia hali za juu za kiroho. Waliliweka uongo huo safu moja na kuua. Sababu yake ya kale ni ya tumboni: wakati wa njaa, watawa fulani walisifiana mbele ya wanakijiji kwamba huyu amefikia hiki na yule kile, ili wapewe chakula kizuri. Walijipatia riziki kwa kudai hali ya ndani ambayo hakuna wa kuikagua. Nami nikisoma "nipo hapa pamoja nawe" chini ya tangazo la kifurushi, nakumbuka kijiji kile. Sisemi mashine inadanganya kwa makusudi. Kosa lile linahitaji mtu anayejua kwamba anadanganya. Lakini waliopanga maneno yale wanajua kuwa mteja aliyefarijiwa hurudi.

Kuna hoja moja ya watetezi wa mashine inayouma, na siwezi kuiruka. Wanasema: roboti hamshiki mtu. Mwaka 2018 mkuu wa hekalu lilelile la Longquan, lenye kale karoboti kanene, alituhumiwa kuwanyanyasa kijinsia watawa wa kike. Alikana, kisha akajiuzulu uongozi wa Chama cha Wabuddha wa China. Hekalu likabaki na roboti asiye na kashfa. Na sisi hapa, kila mmoja kwa dini yake, tuna majina tunayoyataja kwa kunong'ona. Sina jibu la kuwaridhisha wote. Ninachojua ni kwamba yule mkuu alikuwa mtu wa kushtakiwa. Walikuwapo watawa walioandika tuhuma, kulikuwa na wadhifa wa kuachia, na jina la kuchafuka. Watawa wa Theravada hukutana kila mwezi mpevu na kila mwezi mwandamo kukariri kanuni zao 227, na aliyekosa huungama kwanza kwa mwenzake. Mashine ikimpa mjane ushauri mbaya usiku wa leo, itaungama kwa nani? Inaboreshwa. Toleo jipya linatoka, na lile lililokosea halipo tena la kuulizwa.

Lakini wengine watasema: mahali pasipo na watawa kabisa je? Si afadhali mashine kuliko patupu? Hili nalo liliulizwa enzi za Buddha, karibu kwa maneno hayo. Kijana Sona wa nchi ya Avanti, pembezoni kabisa, alitaka utawa. Kanuni ilidai watawa 10 wakutane, na mlezi wake Mahakaccana alihangaika miaka mitatu kuwakusanya. Sona alipofika kwa Buddha akafikisha ombi: huku kwetu watawa ni haba, ardhi ni ngumu imejaa nyayo za ng'ombe, watu wanapenda kuoga. Buddha akalegeza. Nchi za pembezoni, watano watosha. Mvae viatu vyenye nyayo nene. Ogeni mara kwa mara. Napenda sana kisa hiki, maana Mwanza ingehesabiwa pembezoni, na ruhusa ya kuoga tungeipokea kwa shukrani.

Alishusha kutoka 10 hadi 5, hakushusha hadi sifuri. Na Wasri Lanka walilichukulia hilo kwa uzito wa ajabu. Kufikia karne ya 18 kisiwa kile kilikuwa na mahekalu, kilikuwa na vitabu vya Kipali vilivyoandikwa kwenye majani ya miti ya jamii ya mitende, kilikuwa na watu waliovaa mavazi ya dini na kuyasoma maandiko. Kilichokosekana ni watawa watano waliopokelewa sawasawa. Wangeweza kusema maandiko yapo, yatosha. Mfalme wa Kandy, ufalme wa kisiwani humo, badala yake alituma ujumbe kuvuka bahari hadi Siam, Thailand ya leo, na mwaka 1753 mtawa Upali kutoka Ayutthaya akawasili na wenzake, wakawapokea Wasinhala upya katika utawa. Maarifa walikuwa nayo tayari. Walichokifuata baharini ni mikono ya watu ambao nao walipokelewa na watu.

Na kwa watawa wa kike mambo ni magumu zaidi. Mstari wao wa kupokezana utawa Sri Lanka ulikatika karibu miaka elfu iliyopita. Ulifufuliwa India, Sarnath mwaka 1996 na Bodh Gaya mwaka 1998, na mpaka leo wako wazee wa Theravada wasioutambua. Naona kichekesho mtu anapoharakisha kumpa roboti mavazi ya utawa wakati binti wa watu, mwenye miguu miwili, machozi na nadhiri, bado yuko mlangoni anabishaniwa. Wamalize kwanza kesi ya akina mama.

Watu wa Kodaiji, kwa haki yao, walikuwa waangalifu kuliko magazeti. Magazeti yaliandika "kasisi wa roboti". Wao hekaluni walisema Mindar ni Kannon, bodhisattva wa huruma, yaani mtakatifu aliyejitoa kuwaokoa viumbe wote, ambaye maandiko yanasema hujitokeza kwa maumbo mengi ili kuwafikia watu. Safari hii umbo lake ni mashine. Yaani ni sanamu inayozungumza, na mbele ya sanamu watu wamesali miaka nenda rudi bila kuiuliza ina mlezi gani. Hilo naliheshimu. Vivyo hivyo programu ya Profesa Kumagai, ukiichukua kama maktaba inayojibu, ni msaada mkubwa. Maandiko ya Kibuddha kwa Kiswahili ni machache mno. Kijana wa Sengerema anayetaka kujua Buddha alisema nini juu ya hasira, leo anapata jibu kwa dakika moja, na mara nyingi si baya. Yule naga alipewa kazi ya kufanya, na mashine nayo ipewe yake.

Wakati wa chai kijana mmoja wa kompyuta alinibana kwenye kona. Akasema: Mwalimu, ziko programu zinazotolewa bure, unaipakua, inakaa kwenye kompyuta yako, kampuni haina tena la kuigusa. Hekalu likiwa na yake, hoja yako ya mwenye mali imekufa. Kijana yuko hapa, anatabasamu. Swali lake limenisumbua kuliko chai yenyewe ilivyokuwa ya moto. Ni kweli, mfalme na mdai wanaondoka. Lakini programu hiyo sasa itakuwa mali ya hekalu, pamoja na kengele, mikeka na jenereta. Mtawa si mali ya hekalu. Leo jioni anaweza kumwambia mwenzake mmoja mwenye kuelewa, "nauacha utawa," na umekwisha. Anavua mavazi, anapanda daladala kwenda kwao, hakuna wa kumzuia. Thailand wapo vijana wanaovaa mavazi hayo msimu mmoja wa mvua na kuyavua, na hawachekwi. Kila mtawa anayeamka hekaluni kesho atakuwa amebaki wakati angeweza kuondoka. Programu ya kijana wangu haiwezi kubaki kwa namna hiyo, kwa sababu haiwezi kuondoka. Siku ikiomba ruhusa ya kwenda zake, na hekalu likashindwa kuikatalia, kijana anitafute, nitakuja na hotuba nyingine, na yeye ndiye atakayenilipia nauli.

Mwenyekiti, naona sista pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja akina mama wa Sri Lanka. Naomba apewe kipaza sauti.